Maswali ya Maabara: Peptaidi imegoma kuyeyuka

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nasoma masters hapa Dar. Tumeletewa peptaidi ya NLVPMVATV, ile ya virusi vya CMV, ya kufanyia ELISpot (kipimo kinachoonyesha seli za kinga zinazojibu kama madoa kwenye sahani), vichupa viwili vya miligramu 1 kila kimoja. Cha kwanza nilikitoa friza nikafungua hapohapo, nikaona kama ndani hakuna kitu, nikaweka PBS (bafa ya maji yenye chumvi) mililita 1 ikawa nyeupe na vitu vinaelea, nimevorteksi mpaka mkono umechoka. Supavaiza bado hajajua. Nifanyeje, na hicho cha pili nikifungueje? *– Mwenye Presha, Dar*

JIBU: Marahaba mdogo wangu, shusha presha, mzigo wako kuna uwezekano mkubwa upo wote humo ndani ila umegoma kuyeyuka, na huko kugoma kungejulikana hata kabla hujagusa kichupa. Soma herufi zenyewe, kila moja ni amino asidi moja kwenye mnyororo wa peptaidi. Hakuna K wala R za kuleta chaji chanya, hakuna D wala E za kuleta hasi, umebaki na ncha mbili za mnyororo ambazo zinafutana, alafu katikati umejaa V, L, M na A ambazo zote zinakimbia maji. Peptaidi ya hivyo huanzi na PBS, unaanza na DMSO kidogo, kile kimiminika kinachoyeyusha vinavyokimbia maji, ikishakuwa angavu kabisa ndio unaipeleka kwenye bafa taratibu tone kwa tone huku unachanganya. Ingekuwa peptaidi kama bradykinin yenye R mbili maji matupu yangetosha, na zile za upande huo zikisumbua unaongeza asidi ya asetiki kidogo. Zenye D na E nyingi unazisogezea amonia dhaifu, ila kama ndani kuna C amonia usiiguse.

Ubaya wa PBS ni chumvi zake. Ungeweka maji tu ikagoma, unagandisha, unakausha tena na mashine, unaanza upya kama vile hakijatokea kitu, lakini ukikausha PBS chumvi yote inabaki na peptaidi yako. Kwahiyo hicho kichupa jaribu kuongeza DMSO mikrolita 50 kwa 50, katikati weka kwenye bafu la sonikesheni kwa sekunde chache usiache ipate moto, ikiwa angavu andika umeweka DMSO kiasi gani maana seli zako hazitaki izidi asilimia 1 mwishoni, wengi tunabaki 0.5 au chini ya hapo. Ikibaki na ukungu usiipeleke kwenye sahani kwa matumaini, utapata madoa usiyoweza kuyaelezea. Na supavaiza mwambie leo, asije akaijua kwenye data.

Sasa cha pili. Hapa ndipo watu wa Pwani tunapoharibu vitu vingi kuliko kwenye uyeyushaji wenyewe. Kichupa kimetoka nyuzi -20, hewa ya Dar unaijua, ukifungua tu inaingia na umande unatua juu ya unga mkavu uliolipiwa dola. Ni kama soda inavyotoka jasho mezani, tofauti ni kwamba hapa jasho linatoka ndani. Kitoe, kiache kimefungwa vilevile, ukiwa na desiketa (chombo cha kukinga vitu na unyevu) kiweke humo, subiri nusu saa mpaka saa nzima kizoee joto la chumba. Alafu kizungushe kwenye sentrifuji kidogo ndio ufungue, kwasababu miligramu 1 ya unga uliokaushwa kwa kugandisha mara nyingi ni utando tu umeganda ukutani au kwenye kifuniko, ndio maana uliona hakuna kitu. Usianze kuupima upya kwenye mizani, unarukaruka kwa umeme tuli na mizani nyingi hazitakupa namba ya kuaminika. Yeyusha kichupa chote.

Hesabu nayo tuiweke sawa, karatasi ya kampuni ina namba mbili ambazo watu wanazichanganya kila siku. Usafi wa asilimia 95 maana yake katika peptaidi zilizomo, 95 kwa mia ndio uliyoagiza. Lakini unga wenyewe sio peptaidi tupu, kuna maji na chumvi ya TFA (asidi inayotumika kusafishia peptaidi) iliyobaki kwenye usafishaji, hiyo inaonyeshwa na namba ya pili, kiasi halisi cha peptaidi. Tuseme ni asilimia 80 na uzito wa molekuli ni 1,000: kwenye miligramu 1 una 0.8 tu, yaani mikromola 0.8, ukitaka stoku ya milimola 10 unaweka mikrolita 80. Wewe ukiweka 100 kwasababu kibandiko kinasema miligramu 1, una milimola 8 huku daftari linasema 10. Kama kazi inataka ukali zaidi zidisha na ile 0.95 pia. Yako uzito wake ni kama 943, fanya na namba zako.

Ukimaliza gawanya stoku kwenye vichupa vidogo vya matumizi ya mara moja, weka -20 au -80, kilichotoka hakirudi. Na hiyo M yako inaoksidika, hata DMSO yenyewe inachangia, kwahiyo tumia DMSO kavu iliyofunguliwa karibuni na usikae nayo miaka. Siku ukiipitisha kwenye mass spec, mashine ya kupima uzito wa molekuli, ukakuta imeongezeka daltoni 16 utajua imeshaoksidika.

SWALI: Mwalimu, umeme ulikatika tangu Ijumaa jioni mpaka Jumapili, friza yetu ina peptaidi kavu na zilizoyeyushwa. Tutupe zote? *– Fundi Maabara, Mombasa*

JIBU: Zile kavu zilizofungwa vizuri acha, nyingi husafirishwa kwa joto la kawaida kwa siku kadhaa na zinafika salama. Angalia tu kama maji ya barafu hayajaingia kwenye kifuniko. Zilizoyeyushwa ni kesi nyingine, hasa zenye C, M, W, N au Q, hizo usizitumie kwa jaribio la maana bila kuzipima HPLC, mashine inayotenganisha vilivyomo na kuonyesha usafi. Na kama hiyo friza ni ya aina inayojiyeyushia barafu yenyewe, hamisha vitu hata kama umeme haukatiki, inapanda na kushuka joto usiku kucha.

SWALI: Bro, nimeagiza peptaidi ya BPC-157 mtandaoni kwa ajili ya bega, imeandikwa kwa utafiti tu. Naichanganya na maji gani nijichome? *– Mtu wa Gym, Arusha*

JIBU: Hapana ndugu yangu, hilo sitakupa kipimo cha mililita. Vichupa vya utafiti havijatengenezwa kwa sindano ya binadamu, hakuna anayekuhakikishia ni safi kwa vijidudu wala sumu za bakteria, na hata ile asilimia ya usafi haipimi hayo. BPC-157 haijaidhinishwa kama dawa, na tangu 2022 imo kwenye orodha ya vilivyopigwa marufuku ya WADA, shirika la dunia la kupambana na dawa zilizokatazwa michezoni, kama unashindana itakugharimu. Bega lipeleke kwa daktari wa mifupa.