Kwa Unayeanza Kuandika Filamu za Pepo: Soma Zile za Televisheni, na Saa Mkononi

Kijana anaponifuata na kuniambia anataka kuandika tamthilia za kutisha kwa ajili ya televisheni, simtumi kwenye sinema kubwa zenye damu nyingi na majini ya kompyuta. Namtuma arudi nyuma, kwenye filamu ambazo vituo vya televisheni vya Marekani vilijitengenezea katika miaka ya 1970, na humo achague zile za watu waliopandwa na pepo. Wengi hushangaa. Wanaona rangi zilizopauka, suruali zilizopanuka miguuni, na muziki unaopiga yowe kila mlango unapofunguka. Nawaomba wavumilie. Filamu hizo zilipigwa kwa siku chache na kwa fedha ya kuhesabu, chini ya jicho la wakaguzi, kisha zikakatwa vipandevipande na matangazo ya biashara. Ndugu yangu unayeanza, hayo ndiyo mazingira utakayofanyia kazi wewe.

Nianze na muda, maana ndio uliozaa kila kitu kingine. Mwaka 1969 kituo cha ABC kilianzisha kipindi cha Movie of the Week, filamu mpya kila wiki ndani ya nafasi ya saa moja na nusu. Ukitoa matangazo, filamu yenyewe ilibaki na dakika kama 73 au 74. CBS na NBC nao walikuwa na zao. Vituo vikubwa vilikuwa vitatu tu, na mtu wa kawaida hakuwa na mashine ya kurekodi nyumbani. Aliyeinuka kwenda jikoni tangazo lilipoanza angeweza kurudi, angeweza kubadilisha kituo, angeweza pia kwenda kulala. Mwandishi alipaswa kumwachia kitu cha kumrudisha kitini, na alipaswa kufanya hivyo mara kadhaa kwa usiku mmoja.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ninayotoa ni hii. Chukua daftari na saa. Kila picha inapofifia hadi weusi, simamisha filamu, andika dakika, kisha andika kwa sentensi moja swali ambalo mtazamaji ameachiwa. Usiandike kilichotokea, hicho utakikumbuka. Andika swali: "Nani analia nje?" "Kwa nini mtoto amenyamaza?" Ukifika mwisho utakuwa na maswali machache kwenye ukurasa mmoja, na huo ndio uti wa mgongo wa skripti. Utaona pia kwamba swali la kwanza huulizwa mapema sana, kabla hata hujajua majina ya watu. Waandishi wetu wengi wanaoanza hutumia dakika kumi nzima kutambulisha ukoo mzima, shangazi na binamu, ndipo mlango ugongwe. Hapo mtazamaji ameshaondoka.

Filamu ya kuanzia ni Something Evil, iliyorushwa na CBS tarehe 21 Januari 1972. Aliyeiongoza ni Steven Spielberg akiwa na miaka 25, miezi michache tu baada ya filamu yake ya Duel kuonyeshwa ABC. Familia inahama mjini na kununua nyumba ya shamba huko Pennsylvania. Mama, anayeigizwa na Sandy Dennis, anaanza kusikia mtoto mchanga akilia usiku. Anaufuata ule mlio, na anachokikuta ni chupa yenye ute mwekundu unaong'aa. Basi. Hakuna jitu, hakuna sura iliyooza. Chupa na sauti ya kichanga. Nimeirudia sehemu hiyo pamoja na wanafunzi mara nyingi na bado mwili unanisisimka, kwa sababu kilio cha mtoto ndiyo sauti ambayo mama hawezi kuipuuza hata akitaka. Mwandishi ametafuta kitu ambacho mhusika wake, kwa jinsi alivyo, lazima akifuate. Baba wa nyumba ile angeweza kugeuka upande wa pili na kuendelea kulala.

Na baba mwenyewe umwangalie kwa makini. Anaigizwa na Darren McGavin, aliyeonekana mwezi huohuo ABC katika The Night Stalker akiwinda mnyonya damu. Hapa anafanya kazi ya kutengeneza matangazo ya televisheni, na anapiga tangazo palepale nyumbani kwake. Baadaye, picha zinapokaguliwa kwenye chumba cha uhariri, yanaonekana macho kwenye dirisha la nyumba. Fikiria maana yake kwa mtu aliyekaa sebuleni usiku ule wa Januari: ametoka kuangalia tangazo, anaangalia filamu kuhusu mtu wa matangazo, na ndani ya tangazo la mtu huyo kuna kitu kinamtazama. Kizuizi ambacho waandishi wengine walikilalamikia, hapa kimegeuzwa kuwa sehemu ya kisa. Hilo ndilo ninalotaka ulibebe kuliko yote: chukua kinachokubana ukiingize ndani ya hadithi.

Angalia pia jinsi pepo anavyotafutiwa mtu wa kumkalia. Mama anaogopa kwamba aliyepagawa ni yeye. Tunamwamini, maana ndiye tuliyemwona akitetemeka na kukosa usingizi. Kumbe ni mwanawe, na mwishoni anakaa naye ndani ya alama ya nyota iliyochorwa kwa ajili ya kinga, akimkumbatia na kumwambia anampenda. Kumbuka tarehe: The Exorcist, sinema maarufu ya msichana aliyepagawa, ilitoka mwishoni mwa Desemba 1973. Riwaya yake ilikuwa sokoni tangu 1971, lakini mtoto aliyepagawa alishaingia sebuleni mwa watu karibu miaka miwili kabla ya kufika kwenye majumba ya sinema. Ukisikia mtu anasema filamu zote za televisheni za aina hii ni nakala ya sinema ile, mwoneshe kalenda.

Sasa wakaguzi. Ndani ya kila kituo kulikuwa na idara iliyosoma skripti na kutazama picha kabla hazijarushwa. Damu nyingi hapana, matusi hapana, uchi hapana, na kumkufuru Mungu mbele ya familia iliyomaliza chakula cha jioni ndiyo kabisa hapana. CBS ilipokuja kuionyesha The Exorcist yenyewe mwaka 1980, maneno machafu ya pepo yalibadilishwa kwa sauti nyingine. Je, utaandikaje pepo ambaye haruhusiwi kutukana, wala kutapika ovyo, wala kugusa msalaba vibaya?

Jibu moja zuri liko kwenye The Possessed ya NBC, iliyorushwa tarehe 1 Mei 1977 na kuongozwa na Jerry Thorpe. James Farentino ni padri aliyepotea njia, akafa kwenye ajali, akarudishwa duniani kupambana na uovu ili alipie dhambi zake. Anapelekwa kwenye shule ya wasichana ambako moto unazuka bila aliyewasha. Moto ulikubalika kwa wakaguzi. Moto hauna lugha chafu. Lakini uone unavyopangwa: unaanza mdogo kiasi cha watu kutafuta sababu za kawaida, kisha unawafuata watu hadi miilini. Mwalimu wa baiolojia anayeigizwa na Harrison Ford, wiki chache kabla dunia nzima haijamjua kupitia Star Wars, ni mmoja wa wanaoungua. Na mkuu wa shule, Joan Hackett, pepo anapomtawala, anatema misumari. Umeona? Watu walitarajia matapishi, wakapewa chuma. Ni safi kuliko matapishi, inapita kwa mkaguzi, na inauma kuitazama kwa sababu kila mtu anajua ncha ya msumari ikoje ulimini.

Kwa hiyo ukiandika chini ya Bodi ya Filamu Tanzania, au ile ya Kenya, usianze kwa kununa. Andika orodha ya usivyoruhusiwa kuonyesha, uiweke mbele yako, kisha ujiulize kwa kila kimoja: nini kingine kinaumiza mahali palepale? Sauti ndiyo rafiki wa kwanza. Jaribu kuitazama The Possessed mara moja sauti ikiwa imezimwa, kisha uisikilize ukiwa umegeuzia skrini mgongo. Utajua ni hofu ngapi zimebebwa na masikio peke yake. Rafiki wa pili ni uso. Skrini zilikuwa ndogo, karibu mraba, kwa hiyo kamera iliwasogelea watu. Leo watu wanatazama tamthilia kwenye simu ya kiganjani, na uso mkubwa umerudi kuwa na kazi ileile.

The Strange Possession of Mrs. Oliver ya Februari 1977, iliyoandikwa na Richard Matheson na kuigizwa na Karen Black, nitaigusa kidogo tu, maana ni bora uione bila kujua mengi. Mke mpole anaanza kuvutwa na blauzi nyekundu na wigi la nywele za dhahabu, kana kwamba mwanamke mwingine anamvaa. Iangalie kwa swali moja: je, kuna pepo kweli? Mwandishi anakataa kukujibu mpaka dakika za mwisho, na jibu lake si lile la kanisani.

Hapo ndipo niwaombe vijana wa Pwani na wa bara pia jambo moja. Mnapojifunza kutoka filamu hizi, chukueni mpangilio wake, msichukue dini yake. Nyota ya ncha tano, padri mlevi anayetubu, Kilatini, hayo ni ya watu wale na historia yao. Sisi tuna kupunga pepo. Kwenye kilinge, mahali pa uganga, mgonjwa ni kiti cha pepo, na fundi, yaani mganga, hamfukuzi pepo moja kwa moja. Anamwuliza jina, anamwuliza ametoka wapi, anataka nini: ubani, kitambaa, ngoma fulani, chakula fulani. Pepo anajibu, anakataa, anapandisha dau. Kwa mwandishi huo ni utajiri mkubwa, kwa sababu ni mazungumzo, na kila upande una haja yake. Filamu za Marekani za miaka ile hazina kitu hicho. Pepo wao ni adui wa kufukuzwa au kuchomwa tu. Jifunze kwao wapi pa kukata, kisha ndani ya kipande weka mambo unayoyajua tangu utotoni, na uyaandike kwa heshima, maana kuna watu wanaoyaishi.

Kuhusu nakala, uwe mwangalifu. Nyingi ya filamu hizi ziliishi kwa miaka kwenye kanda zilizorekodiwa majumbani, na unachokipata kinaweza kuwa kimekatwa. Linganisha urefu kila mara. Duel ilirushwa ikiwa na dakika 74, halafu ikaongezewa hadi 90 ili ionyeshwe kwenye majumba ya sinema nje ya Marekani. Salem's Lot ya 1979, iliyorushwa kwa usiku mbili, ilifupishwa kwa ajili ya sinema za Ulaya. Ukihesabu maswali yako kwenye toleo lisilo la televisheni, mapigo yatakudanganya. Na ukiona mwisho unaning'inia, usiharakishe kumlaumu mwandishi. Spectre ya Gene Roddenberry na Good Against Evil, zote za 1977, zilikuwa filamu za majaribio kwa tamthilia ambazo hazikuwahi kuanzishwa. Mlango uliachwa wazi makusudi kwa sehemu ya pili, na sehemu ya pili haikuja.

La mwisho linanigusa sana. Mwaka 1983 NBC ilirusha The Demon Murder Case, iliyotokana na mauaji ya kweli ya huko Connecticut mwaka 1981. Mshtakiwa alitaka kujitetea kwamba pepo ndiye aliyeua. Jaji aliukataa utetezi huo, na baraza la wazee wa mahakama likamkuta na hatia ya kuua bila kukusudia. Itazame, uone jinsi kisa cha mahakamani kinavyogeuzwa kuwa cha kutisha. Halafu utafute habari za kesi yenyewe, na uweke mezani vitu viwili: skripti upande mmoja, kumbukumbu za kesi upande wa pili. Alikuwepo mtu aliyechomwa kisu akafa, na alikuwa na ndugu. Filamu inayompa pepo nafasi kubwa humpunguzia nafasi marehemu. Kwetu pia kesi za namna hiyo zipo, za watu waliouawa kwa kisingizio cha uchawi au mashetani, na siku moja prodyuza atakuletea moja akitaka uandike "kisa cha kweli". Kabla hujakubali, uliza familia ya marehemu imeulizwa na nani, na jibu ulipate kwa maandishi.

Ukishazimaliza Something Evil, The Possessed na Mrs. Oliver kwa utaratibu wa daftari, andika kipande chako cha dakika kumi na mbili chenye mapumziko mawili ya tangazo, nyumba moja, watu watatu, bila tone la damu. Niletee maswali mawili ya kwenye mapumziko kwanza. Skripti tutaisoma baadaye.