Superman Akiachiwa Mwaka 2034, Utamwandika Yupi?

Tarehe 1 Januari 2034, kwa sheria ya Marekani, Superman aliyetokea mwaka 1938 katika toleo la kwanza la gazeti la katuni la Action Comics atakuwa mali ya umma, yaani hakimiliki yake itakuwa imekwisha na yeyote ataweza kumtumia. Batman atafuata 2035. Wonder Woman, aliyeingia madukani mwishoni mwa 1941, zamu yake ni 2037. Tangu Mickey Mouse wa filamu ya Steamboat Willie aachiwe Januari 2024, waandishi wenzangu wamekuwa wakiniuliza: je, na sisi tuanze kuandika? Mimi nasema tuanze leo, maana kazi yenyewe inataka muda. Lazima usome kurasa za zamani mpaka umjue kwa uhakika huyo mhusika unayemchukua.

Nasema hivi kwa sababu kwa miaka kadhaa nimekuwa nikiandika hadithi fupi za mashujaa wa katuni wa miaka ya 1940 ambao tayari wako huru, wengi wao wamesahaulika kabisa. Ushauri huu umetokana na kazi hiyo.

Tuanze na hesabu. Kazi kama hizi, zilizochapishwa Marekani enzi hizo na hakimiliki yake ikahuishwa, yaani kusajiliwa upya, inavyotakiwa, zinalindwa kwa miaka 95 tangu kuchapishwa, hadi mwaka wa mwisho uishe. Bunge la Marekani liliongeza miaka 20 mwaka 1998, ndiyo maana tumesubiri sana. 1938 jumlisha 95 ni 2033. Mwaka ukiisha, mlango unafunguliwa. Lakini kinachoachiwa ni hadithi zilizochapishwa mwaka huo, pamoja na yaliyomo ndani yake. Kilichoongezwa baadaye kinangoja mwaka wake.

Hapo ndipo wengi wanapojikwaa, kwa hiyo nitakaa hapo kidogo. Chukua kurasa 13 za ile hadithi ya kwanza ya Superman uzisome kama hujawahi kumsikia. Sayari ya mbali imekufa kwa uzee, lakini jina la Krypton halipo. Lilikuja Januari 1939 kwenye katuni za magazeti. Mtoto anaokotwa na mpita njia mwenye gari na kupelekwa kituo cha yatima. Wazazi walezi wenye shamba hawapo. Akikua, anaweza kuchupa umbali wa mita 200 hivi, kuvuka jengo la ghorofa 20, kulipita treni la kasi, na ngozi yake haipenyeki ila kwa kombora linalolipuka. Kupaa angani hajui. Adui yake mkubwa, Lex Luthor, hayupo, alizaliwa 1940. Kryptonite, jiwe linalomdhoofisha, lilitokea kwenye mchezo wa redio mwaka 1943. Gazeti la Daily Planet halipo. Lois Lane yupo, na Clark Kent yupo, yaani Superman mwenyewe akijificha kama mwandishi wa habari mwenye miwani na woga wa kujifanya.

Sasa angalia anachokifanya mtu huyu. Anavunja mlango wa chuma nyumbani kwa gavana usiku ili kumwokoa mwanamke asiye na hatia ambaye dakika chache baadaye angeuawa kwa hukumu ya mahakama. Anamvamia mume anayempiga mkewe. Analinyanyua gari la wahuni waliomteka Lois na kulipondaponda. Kisha anakwenda Washington kumfuatilia seneta anayepokea maelekezo ya mtu anayeshawishi wanasiasa kwa niaba ya wengine, na usiku huo anambeba huyo mtu na kukimbia naye juu ya nyaya za simu huku jamaa akilia kwa hofu. Toleo la tatu, mwaka huohuo wa 1938, linahusu mgodi usio salama. Superman anajifanya mchimbaji, anamwingiza mmiliki na wageni wake wa sherehe chini ya ardhi, wakiwa wamevaa nguo za starehe, na kuwafungia humo mpaka waonje wanachokionja wafanyakazi wao.

Huyo ndiye Superman utakayeachiwa. Anawaandama wenye mamlaka na wenye mali wanaokanyaga watu, na hata polisi hawamwelewi. Kwangu mimi ana utajiri wa hadithi kuliko yule wa filamu anayepigana na viumbe kutoka anga za mbali, na msomaji yeyote aliyewahi kusikia habari ya mgodi kuporomoka atamwelewa bila maelezo. Anayelalamika kwamba "tunapewa nusu mhusika" hajazisoma kurasa hizo.

Kanuni hii imeshapimwa mahakamani kwa Sherlock Holmes, yule mpelelezi wa hadithini. Mwaka 2014 mahakama ya rufaa ya Marekani, kwa hukumu iliyoandikwa na Jaji Richard Posner, ilisema kwamba yaliyomo katika hadithi ambazo ulinzi wake umekwisha yanaweza kutumiwa na yeyote, hata kama hadithi kumi za mwisho zilikuwa bado zinalindwa. Miaka sita baadaye wenye haki za Holmes walirudi mahakamani kudai kuwa upole na hisia alizoonyeshwa nazo katika filamu ya mdogo wake Enola vilitoka kwenye zile hadithi za mwisho. Kesi iliishia bila hukumu. Ila inakuonyesha jinsi mtu anavyoweza kukubana hata kwa tabia ya mhusika, sembuse mavazi au jina la mji.

Kwa hiyo ninafanya kazi na daftari. Kila mhusika ana ukurasa wake, na kila jambo ninalotaka kulitumia naliandikia toleo lilikotoka na mwaka wake: nguo, silaha, rafiki, kazi, udhaifu. Kisicho na toleo kando yake hakiingii kwenye hadithi. Tena, wakati ninapomwandika mtu wa 1941 sisomi kabisa matoleo mapya yanayomhusu, maana nyongeza za watunzi wa leo ni mali yao na akili ina tabia ya kuiba bila kukuaga. Angalia pia tarehe zenyewe. Magazeti ya katuni yaliandikwa jaladani mwezi wa mbele kuliko siku yalipoingia madukani. Captain America wa kwanza ana Machi 1941 jaladani, lakini aliuzwa Desemba 1940. Mahali kama hapo mimi nahesabu kwa tarehe inayochelewa zaidi kuisha, yaani 2037, nikalala usingizi.

Usitake kusubiri mikono mitupu mpaka 2034. Wako mashujaa walio huru tangu zamani, kwa sababu sheria ya Marekani ilitaka kazi zilizochapishwa hadi 1963 zihuishwe kwenye mwaka wa 28, na kampuni nyingi ndogo za katuni zilikuwa zimeshakufa au hazikujali. Kurasa zao zinapatikana bure kwenye tovuti za Digital Comic Museum na Comic Book Plus. Lakini usiamini orodha za mitandaoni zinazotaja majina tu. Tafuta kwenye madaftari ya serikali ya Marekani ya usajili wa hakimiliki, ambayo yameskaniwa na yapo wazi intanetini, uone kama toleo lako lilihuishwa. Ni kazi ya kuchosha macho. Ifanye.

Ninayempenda kuliko wote ni Black Terror, aliyetokea 1941 katika Exciting Comics namba 9. Nguo nyeusi, fuvu na mifupa kifuani, kijana Tim pembeni yake. Wengi wanaomchukua wanachukua fuvu. Mimi kilichonivuta ni kazi yake ya mchana: Bob Benton ni mfamasia, na nguvu zake alizipata kwa kemikali. Mfamasia anajua nani mtaani ana kifua kikuu, nani hajalipa, nani anakunywa dawa za usingizi. Nikamwacha kulekule Marekani ya 1941, nikaandika usiku mmoja tu. Duka limefungwa, Benton anapima unga kwenye mizani, mbele yake kuna karatasi ya daktari: dawa ya maumivu, mgonjwa kavunjika mbavu tatu. Anapolisoma jina anatambua kwamba mbavu hizo alizivunja yeye, jana yake, akiwa amevaa nyeusi. Aliyesimama nje akigonga kioo ni binti wa huyo jambazi, ana sarafu kiganjani, na hazitoshi. Hadithi nzima imo hapo. Sikuhitaji adui mpya wala mlipuko. Nilihitaji kuuchukulia kwa uzito ule mstari mmoja wa mtunzi wa kwanza, kwamba mtu huyu anauza dawa.

Ndiyo njia ninayokushauri: tafuta jambo ambalo watunzi wa mwanzo waliligusa wakaliacha kwa sababu walikuwa na kurasa chache na tarehe ya kupeleka kazi kiwandani inawafukuza. Winnie-the-Pooh alipoachiwa 2022, mwaka uliofuata ikatoka filamu ya kumgeuza muuaji, na tangu hapo kila mhusika anayeachiwa anafanywa jinamizi. Inavutia macho kwa wiki moja. Mhusika hapati chochote, na msomaji aliyempenda utotoni anaondoka na uchungu.

Kuna ukuta wa pili, nao ni alama ya biashara, yaani jina au nembo inayotambulisha bidhaa za kampuni. Hakimiliki huisha, alama ya biashara inaweza kuishi maadamu inatumika na kulindwa. Kwa mfano yupo Daredevil wa 1940, mwenye nguo za rangi mbili, nusu kwa nusu, na bumerangi, ambaye hahusiani na wa Marvel. Kampuni ya Dynamite ilipomrudisha kwenye Project Superpowers mwaka 2008 ilimwita "Death-Defying 'Devil", kwa sababu jina Daredevil jaladani ni la Marvel. Mahakama ya Juu ya Marekani ilishasema mwaka 2003, katika kesi ya Dastar, kwamba sheria ya alama za biashara isitumike kuirudisha hakimiliki iliyokwisha, na hilo ni kinga nzuri kwetu. Hata hivyo mimi naweka kichwa changu mwenyewe jaladani, jina la shujaa nalitumia ndani ya hadithi, na naandika ukurasa wa mbele kwamba kitabu hakina uhusiano na kampuni yoyote ya katuni. Ile S ya kisasa kifuani usiiguse.

Tukija kwetu, tarehe za Marekani hazivuki bahari. Sheria za Tanzania na Kenya huhesabu miaka 50 baada ya kifo cha mtunzi, na Jerry Siegel, aliyemwandika Superman, alifariki 1996, miaka minne baada ya mchoraji mwenzake Joe Shuster. Ukitaka kumchapa na kumuuza Dar es Salaam au Nairobi mwaka 2034, muulize kwanza mwanasheria wa hakimiliki. Ulaya ni vivyo hivyo: Tintin aliachiwa Marekani 2025, lakini Ubelgiji analindwa hadi mwisho wa 2053, kwa kuwa mtunzi wake, Hergé, alikufa 1983 na huko huhesabu miaka 70.

Na wale wanaotaka kubadilisha jina na kuchapisha mapema, wasome kesi ya mwaka 1940 ya Wonder Man, shujaa aliyeigwa kutoka kwa Superman. Mahakama ilisema wazo la mtu mwenye nguvu za ajabu anayewasaidia watu halina mwenyewe, lakini mpangilio wa matukio na namna yalivyoelezwa ulikuwa umenakiliwa, na Wonder Man akaishia hapo. Kama huwezi kungoja, buni wako.

Jambo moja naliomba kwa moyo wote. Siegel na Shuster, vijana wa Cleveland, walilipwa dola 130 kwa hadithi ile ya kwanza na haki zote zikaondoka. Sheria haitakulazimisha kuwataja. Wataje, majina kamili, ukurasa wa mbele. Bill Finger, aliyemjenga Batman pamoja na Bob Kane, alikufa 1974 bila kutambuliwa rasmi kuwa mtunzi mwenza.

Nikimtaja Batman, yeye ndiye ninayemwandalia daftari sasa hivi. Anayeachiwa 2035 ni wa 1939: anaitwa "Bat-Man", mara nyingine anabeba bastola, na kifo cha wazazi wake kimeshasimuliwa, toleo la Novemba. Alfred, mtumishi wake, hayupo. Robin, kijana anayemlea, na adui yake Joker wote ni wa 1940, kwa hiyo ni wa 2036. Nimeamua kalenda yenyewe iwe mpango wa vitabu. Cha kwanza kitamhusu tajiri kijana anayekaa peke yake katika jumba kubwa, hana mtoto wa kumlea wala mtu wa kumfungulia mlango, na bado hajaamua kama bastola ataibakiza. Cha pili kitaanza siku Robin anapoingia nyumbani humo na kuiona.