Uzamili wa dini na jamii si shule ya uchungaji

Mdogo wangu, unauliza kama uzamili wa dini na jamii utakufanya mchungaji, na baba anasema ni kupoteza ada. Hapana. Theolojia inauliza Mungu anasema nini. Wewe utauliza watu wanafanya nini na imani yao.

Na mada unayo mlangoni. Nenda Bujora, pale Kisesa karibu na Mwanza, wakati wa Bulabo, tamasha la ngoma la Wasukuma, mwezi Juni. Ni sikukuu ya Mwili na Damu ya Kristo, lakini Wagika na Wagalu, vyama viwili vya ngoma, wanashindana kucheza, kila upande na dawa zake za kuvuta watazamaji. Padri David Clement, mmisionari kutoka Kanada, ndiye aliyeunganisha sikukuu na ngoma miaka ya 1950. Nani kambadilisha nani? Hapo pana tasnifu nzima.

Au shinda Mwaloni Kirumba, soko la samaki la Mwanza. Niliwahi kuona mtumbwi umeandikwa "Yesu ni Bwana" ubavuni, na ndani kitambaa cheusi kimefungwa fundo. Nilipouliza, mzee akacheka, akanifungia dagaa.

Andika kwanza kurasa mbili za pendekezo, ndipo utafute msimamizi. Kisukuma chako kitakufaa kuliko alama za digrii. Baba mwachie mama.