"Namwachia Mungu" ilivyonichelewesha kukua

Juzi dada mmoja ameniandikia. Amefunga siku 21, mkesha wa Ijumaa haumpiti, lakini hasira haziishi, na kuna mwenzake kazini hawasalimiani tangu Pasaka. Anauliza aongeze siku ngapi. Mpendwa, ngoja nikusimulie yangu.

Nilikuwa mweka hazina wa kwaya. Siku moja, mbele ya wanakwaya wote, mwenzangu tuliyesimama naye sauti ya pili akauliza hela za vitambaa vya sare nimezipeleka wapi. Risiti zote zilikuwa mkobani. Sikuzitoa. Nikatabasamu, nikasema, "Namwachia Mungu," watu wakaitika "Amina", nikaonekana mtu wa rohoni kweli kweli.

Sikumwachia Mungu kitu. Nilikibeba nyumbani nikakaa nacho miaka miwili. Nilifunga, nilikesha, niliongoza maombi mpaka sauti ikakauka. Jumamosi moja nimetoka mkeshani, nikatia mkono kwenye ndoo ya unga nikoroge uji, nikagusa kitu kigumu. Vipande vya kikombe, vimeviringishwa ndani ya fulana ya shule. Mwanangu wa miaka 7 alikivunja usiku, akakificha humo nisijue. Nilikaa chini palepale jikoni. Mtoto ananiogopa kiasi hicho, mimi, mama wa maombi!

Soma tena tunda la Roho, Wagalatia 5: upendo, furaha, amani, uvumilivu, utu wema, fadhili, uaminifu, upole, kiasi. Mengi ya hayo hayajulikani mpaka mtu akukere. Eliya alipoomba afe, malaika hakumkemea. Alimwamsha ale mkate, anywe maji, akalala tena. Yesu alilia alipoenda kaburini kwa Lazaro. Paulo na Barnaba waligombana juu ya Marko hadi wakaachana, lakini baadaye Paulo, akiwa kifungoni, anamwagiza Timotheo amlete Marko, "maana anifaa kwa utumishi". Hiyo ndiyo safari ya kukua, na ina ugomvi ndani yake.

Kwa hiyo dada, usiongeze siku. Kilichokuuma kitaje: ni aibu, ni wivu, ni woga? Mwambie Mungu hivyo hivyo, Zaburi zimejaa vilio vya namna hiyo. Kisha mwendee mhusika, ninyi wawili tu. Mathayo 5 inasema uiache sadaka mbele ya madhabahu ukapatane kwanza. Sisi tunataka tutoe, tuimbe, turukeruke, kupatana tutaona. Wapendwa, tuache! Unanenaje kwa lugha usiku kucha, halafu asubuhi unashindwa kumwambia mwenzako kwa Kiswahili, "Uliniumiza"?

Mimi nilimwendea na risiti zangu. Alizitazama moja moja, akanimiminia chai, hakuomba radhi. Mpaka leo hajaomba, na siku za mazoezi bado panauma.

Ila wiki iliyopita mwanangu alivunja sahani. Alikuja mwenyewe, vipande mkononi, akasimama mlangoni: "Mama, nimevunja."