Koti Lile Si Langu, Shangazi

Shangazi, shikamoo. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu. Dakika nne nzima! Umesema nimewatupa, Ulaya naila peke yangu, na Magomeni yote inajua nimenunua kiwanja Mapinga. Ushahidi wenu ni ile picha niliyomtumia mama Desemba: nimevaa koti refu jeusi, nimeegemea gari, nyuma yangu jumba la ghorofa.

Haya. Jumba ni ofisi ya kijiji. Gari ni la parokia, na kila kilomita inaandikwa daftarini. Koti ni la marehemu. Nilimzika mwezi wa kumi na moja, siku ya tatu mjane wake akaniletea kwenye mfuko wa dukani, akaniambia, Padre, na hicho kijaketi chako nitakuzika mimi. Mfukoni nilikuta leso na risiti ya dawa. Nikalivaa hivyo hivyo. Baridi haina kinyaa.

Mimi ni mmisionari, nimeweka nadhiri ya ufukara. Wewe Mwislamu, nadhiri zetu hazikuhusu, lakini hata Wakatoliki wa ukoo wetu hili hawataki kulisikia: ninacholipwa si changu. Kinaingia mfuko wa jumuiya, mimi napewa yuro 80 kwa mwezi za sabuni, vocha na kinyozi. Viatu naomba. Mtu mzima wa miaka 33, nasimama mlangoni kwa padre mtunza fedha nikimwonyesha soli iliyotoboka.

Kazi yenyewe, parokia moja ina makanisa 23, vijiji vimetawanyika katikati ya Ufaransa. Sala ya asubuhi, gari, misa ya vikongwe saba, gari, maziko. Ubatizo nauhesabu kwa vidole. Januari niliingiza mkono kwenye bakuli la maji ya baraka mlangoni mwa kanisa, ukagonga mwamba: yameganda. Nikayatwanga kwa ufunguo wa gari.

Unakumbuka makaburi ya wamisionari pale misheni, karibu na ule mbuyu uliomeza mnyororo? Wale walitoka huku huku niliko, wakafika Bagamoyo 1868, na wengine walizikwa pale wangali vijana. Tulicheza pale utoto wetu wote. Sikuwahi kujiuliza mama zao huku nani alikuwa akiwapelekea hela ya mafuta ya taa.

Sasa suala la mabati, maana ndilo linalokuuma, na mimi linaniuma zaidi. Ni kweli mama alikopa VIKOBA, kile kikundi cha kuweka na kukopa, kwa ajili ya mabati hayo. Ni kweli nilijua. Mwezi huo huo familia moja ilinipa bahasha baada ya ubatizo, yuro 50. Sheria yetu, bahasha inakwenda kwa mtunza fedha ikiwa imefungwa. Sikuipeleka. Niliituma kwa mama, wakakata ada yao, akapata kilichobaki. Siku tano sikulala vizuri. Ya sita nikaenda kukiri, si kwenye kitubio, ofisini kwa mtunza fedha. Mzee hakugomba. Alivaa miwani, akafungua daftari, akaandika deni. Nimekatwa miezi mitatu. Kwa hiyo yale mabati manne ya upande wa jikoni, mvua ikinyesha, ujue kuna padre hajanyoa nywele.

Usimwambie mama hili la kukatwa.

Na huyo mwanao anayeuliza afanyeje awe padre ili atoke, mwambie asije. Kama anatafuta hela, aende Kiwangwa akalime mananasi, atanipita baada ya misimu miwili. Asimdanganye Mungu kwa ajili ya pasipoti. Huku kibali cha kuishi kila mwaka unakiomba upya, unapanga foleni na karatasi kama unaomba msamaha. Asije kabisa.

Lakini kama ni wito kweli, aje, tena asichelewe. Kuna bibi wa miaka 91, kila Alhamisi nampelekea komunyo. Watoto wake wako mbali, hawaji. Nikimaliza kusali hunishika mkono hauachii, sahani ya biskuti mbele yetu, tunakaa kimya nusu saa, Kifaransa changu na masikio yake havijuani. Siku hizo najua kilichonileta. Kisha narudi garini nawaza: na mama yangu nani anamshika mkono? Ni wewe, shangazi. Ndiyo maana ujumbe wako sikuujibu kwa hasira, ingawa nilianza mara mbili nikafuta.

Kiwanja cha Mapinga mkikipata mniambie kiko upande gani, nami nikione.

Kesho nina maziko mawili, la kwanza saa nne, barabara ina barafu. Ile picha usiirushe tena kwenye kundi la ukoo. Kama umesharusha, waambie koti lina mwenyewe.