Bibi Shamba Anajibu: Homoni Imo Ndani ya Mbegu

Mvua zikikaribia, maswali ya mbegu hayanipi nafasi ya kupumua. Ya juma hili nimechagua matano.

Shikamoo Bibi Shamba. Nimeuziwa mnadani chupa ya "homoni ya kuotesha" ya kuloweka mahindi. Niiweke kiasi gani? (Msomaji, Tandahimba)

Marahaba mwanangu. Usiiweke kabisa, na usinunue nyingine.

Loweka punje moja ya mahindi usiku kucha, asubuhi ipasue kwa wembe kwa urefu wake. Utaona kipande kimelala upande mmoja, kama ulimi mdogo. Hicho ndicho kiini, mmea mchanga wenyewe. Sehemu kubwa iliyobaki ni wanga, akiba yake. Maji yakishapenya, kiini huamka na kujitengenezea homoni inayoitwa jiberelini. Kwenye shayiri, ngano na mpunga, homoni hiyo husafiri hadi kwenye tabaka jembamba linalozunguka wanga, aleuroni, na kuliamuru litoe kimeng'enya kiitwacho amilesi. Amilesi huukatakata wanga uwe sukari, na sukari ndiyo inayolisha mche mpaka upate majani ya kujilisha. Ndiyo maana punje iliyoota ukiitafuna ni tamu.

Haya hayakubuniwa. Mwaka 1960, wanasayansi wawili, Yomo wa Japani na Paleg aliyekuwa Australia, kila mtu kivyake, walionyesha kwamba punje ya shayiri iliyoondolewa kiini haiyeyushi wanga wake, lakini ukiipa jiberelini inauyeyusha.

Basi mbegu hai ina homoni yake. Iliyokufa, hata wanga wake ukiyeyuka, hakuna mche wa kuula. Kinachoua kiini ni unyevu, dumuzi na joto la chini ya bati. Wazee wetu waliokuwa wakining'iniza mahindi ya mbegu juu ya moshi wa jiko walikuwa wanalinda kiini. Pesa ya chupa inunulie mfuko usiopitisha hewa, na mahindi yakauke vizuri kabla hujayafungia humo. Hilo la kukauka ndilo wengi mnaloliruka, kisha mnakuja kulaumu mbegu.

Mpunga nimeuloweka siku tano kwenye ndoo, umetoa kijimea cheupe kirefu lakini mizizi hakuna. Homoni zimeisha? (Kilwa)

Hapana, umeukosesha hewa. Mpunga una uwezo wa kuchipua ndani ya maji, lakini bila hewa mzizi haukui. Loweka saa 24, mwaga maji, uvundike kwenye gunia bichi siku moja au mbili. Ukianza kutoa ncha nyeupe, mwaga kitaluni.

Bibi Shamba, naweza kupanda mahindi ya kula niliyonunua sokoni? (Wengi, kutoka kila wilaya)

Nimelijibu hili kila msimu, na bado mnaniuliza mkiwa mmeshapanda. Hesabu punje 100, zifunge kwenye kitambaa kibichi, nyunyiza maji kila siku, siku ya saba hesabu zilizoota. Zikiwa chini ya 80, tafuta nyingine. Na kama hayo mahindi yalivunwa kwenye shamba la chotara, hata yakiota yote mia, shamba lako litakuwa mchanganyiko wa kila aina.

Nataka kutengeneza kimea cha mtama cha uji wa mtoto wa miezi minane. Yale machipukizi nayo nisage? (Mama, Nanyumbu)

Mama, usisage! Hili naomba msomaji yeyote mwenye mtoto alisome mara mbili. Machipukizi na mizizi ya mtama unaoota yana sumu ya sianidi, jamaa ya ile ya mihogo michungu. Kukausha pekee hakuiondoi. Mtama ukishaota siku mbili au tatu, uanike mpaka ukauke, usugue kwa viganja mpaka machipukizi na mizizi yote ikatike, upepete kwenye ungo, ndipo usage. Punje iliyoota ukungu itupwe, mtoto asionjeshwe. Ukiwa na ulezi, tumia ulezi.

Kimea chenyewe ni kizuri sana. Pika uji mzito, upoe kidogo, koroga kijiko cha chai cha unga wa kimea: utauona unalegea mbele ya macho yako, kwa sababu amilesi inakata wanga. Ukikitia uji ukiwa unatokota, kimeng'enya hufa na uji hubaki mzito. Ukishalegea, urudishe motoni uchemke ndipo mtoto anywe. Hapo anapata chakula kingi kwenye kikombe kilekile, badala ya uji uliolegezwa kwa maji matupu.

Mtama, kwa taarifa yenu, haufanyi kama shayiri. Aleuroni yake haisikii sana jiberelini, na amilesi nyingi hutoka kwenye kiini chenyewe. Kwa hiyo punje iliyoliwa kiini na wadudu haifai kwa kimea.

Kwenye kitalu changu cha mpunga miche kadhaa imeipita mingine kwa urefu, myembamba, imepauka. Jirani anasema niiwekee alama, ndiyo mbegu bora. (Kitere)

Jirani amekosea. Ing'oe leo, uichome. Dalili hizo ni za ugonjwa ambao wakulima wa Japani waliuita mche mpumbavu. Unaletwa na kuvu, na kuvu hiyo hutengeneza jiberelini yake na kuurefusha mche kupita nguvu zake. Mwingi hufa, na unaobaki mara nyingi hutoa mapepe. Mtafiti Kurosawa alionyesha mwaka 1926 kwamba majimaji ya kuvu hiyo peke yake yanatosha kurefusha miche, na mwaka 1935 mtafiti mwingine, Yabuta, akaipa homoni jina kutokana na jina la kuvu hiyo. Ugonjwa husafiri na mbegu, kwa hiyo usihifadhi hata debe moja la mbegu kutoka shamba hilo, na huyo jirani mwambie naye akague la kwake.