Difu inakunywa maji kila nikivuka mto

SWALI: Fundi habari za kazi, nina Land Rover 110 ya zamani, kila nikivuka mto oili ya difu (ile gia ya katikati ya ekseli) inakua nyeupe kama chai ya maziwa, nimebadilisha sili lakini wapi. Shida nini?

JIBU: Pole ndugu yangu, sili unazionea bure. Ingia chini na tochi, juu ya bomba la ekseli utaona kidude kama boliti fupi, hiyo ndo briza, tundu la kupumulia la ekseli, na mara nyingi imezibwa na tope mpaka huioni. Difu ikiwa ya moto ukaingia kwenye maji baridi hewa ya ndani inasinyaa ghafla, inavuta maji popote inapopata upenyo, hata kwenye sili mpya. Na briza ikiziba, presha ya joto inasukuma oili nje mpaka kwenye breki, hapo ndo hatari.

Safisha pale kwanza usiangushie mchanga ndani, fungua briza, funga nipo (kipande cha kuchomekea mpira) yenye nyuzi zilezile, vuta mpira wa oili mpaka juu kwenye injini ili difu ipumulie juu ya maji, achia ulegevu maana ekseli inacheza. Kwenye ncha ya juu ya mpira weka filta ndogo ya petroli. Ekseli ya nyuma nayo usiisahau! Hiyo oili nyeupe imwage leo, usisubiri sevisi, beringi zinaliwa.